Uani si Lushoto

Miche kumi na minne ya nyanya ilisimama kwenye matuta mawili yaliyozungushiwa matofali, kila mmoja umefungwa kwenye kijiti chake kwa kipande cha kanga kuukuu. Majani ya kijani kilichokolea, mashina manene kama kidole gumba. Chini yake, juu ya mchanga mkavu, maua ya njano yalikuwa yametapakaa kana kwamba kuna mtoto aliyepita akiyachuma moja moja na kuyatupa. Ilikuwa Februari, Tabata, saa nne asubuhi, na jua lilishakuwa la kutafutia kivuli.

"Bwana shamba," mwenye bustani akaanza, "mbolea nimeweka, dawa nimepiga, maji asubuhi na jioni. Nimekosea wapi mie?"

"Hujakosea, mama. Ungekuwa Lushoto saa hizi ungekuwa unawagawia majirani."

Alicheka, lakini hakuridhika, na alikuwa na haki ya kutoridhika. Jibu lake linahitaji nafasi kubwa kuliko mzaha wa mlangoni.

Msimamo wa safu hii ni kwamba bustani nyingi za nyumbani katika ukanda wa Pwani, kuanzia Mtwara mpaka Mombasa, hufa kwa sababu zimenakiliwa. Zimenakiliwa kutoka milimani, ambako karoti na kabichi za sokoni hutoka, au kutoka kwenye video za watu wa Ulaya wanaopigana na baridi. Mtu wa Pwani anayetaka kula kutoka uani kwake aanze na mboga za majani, achimbe sesa badala ya kuinua tuta, na aache kuchoma anachokifagia kila asubuhi. Nyanya, karoti na stroberi zitazungumzwa baadaye, zikipata nafasi.

Chukua lile ua lililoanguka. Asili ya nyanya ni magharibi mwa Amerika ya Kusini, kwenye ukanda wa milima ya Andes, na mpaka leo haijasahau usiku wa kwao. Hupenda usiku wenye nyuzi joto 15 hadi 20 hivi. Usiku ukibaki kwenye nyuzi 24 na zaidi, na mchana ukapita 32, chavua hudhoofika, ua halishiki mimba, na mmea hulidondosha. Sasa angalia Dar es Salaam ya Februari: usiku hukaa kwenye nyuzi 25 hivi, mchana hufika 32. Lushoto mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 za kupanda hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6. Kati ya Tabata na Lushoto, kwa hiyo, kuna tofauti ya nyuzi kama 8. Hakuna chupa ya duka la pembejeo inayouza nyuzi 8.

Mwenye bustani akiona maua yanaanguka, huongeza yurea. Naitrojeni ya ziada huusukuma mmea kuzidi kutoa majani, na nyanya inazidi kunenepa bila kuzaa. Kisha anaongeza maji. Kisha anakata tamaa na kumwaga zege.

Joto si adui pekee. Udongo wa mjini uliowahi kulimwa nyanya au biringanya mara nyingi hubeba bakteria wa mnyauko, na hao hustawi kwenye joto. Dalili yake ni ya kusikitisha: mmea unalegea mchana ukiwa bado wa kijani, usiku unajaribu kuinuka, siku ya tatu hauinuki tena. Kuna kipimo kisichohitaji maabara. Kata shina karibu na ardhi, kisha ning'iniza kipande hicho kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ndani ya dakika chache, kama ni bakteria, nyuzi nyeupe mithili ya maziwa huanza kushuka polepole kutoka pale ulipokata. Aliyeziona mara moja hazisahau. Ugonjwa huo hauna dawa ya kupuliza. Mahali hapo pasipandwe nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Juu ya hayo kuna kantangaze, nondo mdogo kutoka huko huko Amerika ya Kusini aliyeripotiwa Tanzania mwaka 2014, ambaye kiwavi wake huishi ndani ya jani na tunda, mahali ambapo dawa nyingi hazimfikii.

Mkulima wa Ilula anayelisha masoko ya Dar ana eneo, ana hewa ya kupoa na ana uzoefu wa kupambana na hayo yote. Mwenye uwanja wa mita nne kwa tano nyuma ya jiko hana sababu ya kushindana naye.

Mchicha ni habari nyingine kabisa. Namna yake ya kutengeneza chakula kwa jua ni ile ile ya mahindi, mtama na miwa: una njia ya kukusanya hewa ya kaboni na kuifikisha inapotumika hata pale joto linapozifanya mboga nyingine zipoteze sehemu ya nguvu zao. Jua ambalo linaangusha ua la nyanya, kwa mchicha ni shibe. Kutoka kusia mpaka kuchuma ni wiki tatu hadi nne. Kabichi inahitaji miezi mitatu, na muda wote huo imekaa pale ikiwasubiri viwavi. Matembele ni rahisi zaidi: kipande cha shina la kiazi kitamu chenye urefu wa kama sentimita 30, nusu chini ya udongo, na baada ya mwezi mtu anachuma ncha na kuendelea kuchuma. Kisamvu cha mpira ni mti wa kukaa pembeni mwa uzio miaka na miaka, mradi kila mtu nyumbani akumbuke kwamba majani yake yana sumu ya sianidi ambayo haitoki bila kutwangwa na kuchemshwa vya kutosha. Kuna bamia, mboga pekee ya tunda ambayo mwandishi wa safu hii huipendekeza bila kusita kwa uwanja wa Pwani, na pilipili inayofuata nyuma yake.

Kuna pia suala la kivuli, ambalo video hazilisemi. Nyanya inataka saa sita hadi nane za jua kamili. Uani kwa nyumba nyingi za mjini pana ukuta upande mmoja, tangi la maji upande mwingine, na mwembe wa jirani juu. Jua linafika saa tatu au nne kwa siku, basi. Mboga za majani huvumilia hilo; mimea ya matunda haivumilii.

Zamani hoja hii ingekutana na dharau, kwamba mchicha na mnavu ni mboga za aliyekosa. Dharau hiyo imepungua, na sehemu ya sifa inawaendea watafiti. Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Juja, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kwenye mboga za asili za Kiafrika kama mnavu, mgagani na mlenda. Arusha, kituo cha kanda cha World Vegetable Center kimeshiriki kuzalisha mbegu bora za mchicha, zikiwemo Madiira 1 na Madiira 2. Mbegu za mchicha zimefanyiwa utafiti kama mbegu za mahindi. Anayezipanda uani si mtu aliyeshindwa kupata kabichi.

Na kuna sababu ya afya inayozungumzwa kwa minong'ono sokoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mboga zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi ulikuta ndani yake madini mazito, risasi ikiwemo. Si kila fungu la mchicha limetoka huko, na wakulima wa mabondeni hawakuyachafua maji hayo wao. Lakini mtu anayemwagilia mchicha wake kwa maji ya bomba anajua alichokinywesha.

Sasa tuta. Yale matuta ya Tabata yaliinuliwa sentimita 30, yakazungushiwa matofali, yakapendeza. Tuta la kuinuliwa lilibuniwa kwa ajili ya udongo mzito unaotuamisha maji, na kwa nchi ambako udongo ukiinuliwa hupata joto mapema baada ya baridi kuisha. Dar es Salaam haina shida ya kupasha udongo joto. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni kichanga, na kichanga ukikiinua hewani kinakauka kutoka juu na kutoka pembeni kwa pamoja. Mama yule alikuwa akimwagilia mara mbili kwa siku kwa sababu tuta lake lilikuwa likivuja kama chekecheke.

Kipimo cha udongo nacho ni cha bure. Jaza theluthi ya chupa ya plastiki isiyo na rangi kwa udongo, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iweke mezani. Mchanga hutua chini ndani ya dakika moja. Mfinyanzi hubaki ukielea na kuyatia maji ukungu kwa saa nyingi, hata siku. Ikiwa karibu kila kitu kimetua kabla chai haijapoa, chimba sesa lishuke kama sinia, sentimita 10 hadi 15 chini ya usawa wa uwanja, ili kila tone lielekee kwenye mizizi. Ikiwa maji yamebaki na tope mpaka kesho yake, au uwanja hujaa maji wakati wa masika, hapo ndipo kuinua kuna maana.

Hesabu ya maji huwashangaza wengi. Katika siku ya kawaida ya jua, ardhi na mboga kwa pamoja hupoteza kama milimita 4 hadi 5 za maji, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kwa hiyo mita moja ya mraba inataka lita 4 hadi 5, na ndoo ya lita 20 inatosha mita nne. Familia yenye masesa manne ya mita moja kwa mbili inahitaji ndoo mbili kwa siku, yaani lita 1,200 kwa mwezi, uniti moja ya maji na kidogo. Wanaolalamika kwamba bustani inakunywa bili, aghalabu hunyunyiza kwa mpira kila saa bila kupima. Maji hulowanisha ngozi ya udongo, mizizi inabaki juu juu kuyafuata, na jua likitoka vyote viwili vinaungua. Ndoo nzima asubuhi, ishuke chini, ni bora kuliko manyunyu matano.

Hayo masesa manne yana siri yake. Sesa la kwanza lipandwe wiki hii, la pili wiki ijayo, la tatu na la nne vivyo hivyo. Wiki ya tano la kwanza linavunwa na kusiwa upya. Anayesia yote siku moja hula mchicha siku kumi mfululizo mpaka watoto wagome, halafu anakaa mwezi bila kitu na kusema bustani haina faida. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, gramu moja ina zaidi ya elfu moja, hivyo zichanganywe na mchanga mkavu ili mkono usimwage zote kona moja, na zifunikwe kidogo tu. Sisimizi wakizibeba, na watazibeba, majivu kidogo kuzunguka sesa huwachelewesha.

Majivu kuzunguka sesa, ndiyo. Ndani ya sesa ni jambo lingine, na hapa ndipo lilipo kosa ambalo mwandishi hukutana nalo Zanzibar, Mombasa na baadhi ya sehemu za Kigamboni. Majivu yana potasiamu, kweli, lakini pia hupunguza uchachu wa udongo. Palipo na udongo wenye uchachu hiyo ni neema. Udongo uliokaa juu ya miamba ya matumbawe tayari umejaa chokaa, na majivu huufunga zaidi hata madini ya chuma yaliyomo yasiweze kunyonywa. Majani machanga hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, kama ramani ya mito. Mwenye bustani akiona hivyo hudhani njaa, akaongeza majivu.

Lakini majivu hayo yametoka wapi? Swali hilo ndilo kiini cha safu hii. Kila asubuhi, kabla ya saa moja, ufagio wa chelewa hupita katika maelfu ya nyua za Pwani. Majani ya mwembe, ya mkungu, maganda ya ndizi na viazi, vyote husukumwa kona moja na kuwashwa kiberiti. Uwanja ukibaki na mistari ya ufagio, nyumba imeheshimika. Katika moshi ule kaboni na karibu naitrojeni yote hupaa angani, na jioni mtu huyo huyo ananunua mfuko wa yurea. Mchanga wa Pwani hauna kitu cha kushikilia maji wala mbolea isipokuwa mabaki ya mimea yaliyooza. Bila hayo, yurea iliyowekwa leo huteremka na mvua ya kesho hadi chini isikofikiwa na mizizi. Kuchoma majani katika udongo wa aina hii ni kuchoma godoro kisha kulalamikia ubavu.

Dawa yake ni shimo au boma la mboji mahali pasipoonekana na wageni. Majani makavu yawe mengi, takribani mara mbili au tatu ya mabaki mabichi ya jikoni kwa ujazo, yalowe kama sponji iliyokamuliwa, yageuzwe kila wiki mbili. Kwa joto la Pwani, ndani ya miezi miwili hadi mitatu huwa meusi, laini, yenye harufu ya msituni baada ya mvua. Ndoo ya lita 20 kwa kila mita ya mraba, ikichanganywa juu juu, ni tabaka la sentimita mbili. Hiyo inatosha kuanzia. Majani makavu yanayobaki yatandazwe juu ya sesa miche ikishafika kiganja. Hapo ndoo mbili za maji hupungua.

Samadi ya kuku inastahili onyo lake. Miaka kadhaa iliyopita mwandishi huyu, akiwa na shahada ukutani, alinunua viroba viwili kwa mfugaji aliyeapa kwamba imekaa. Hakuingiza mkono ndani. Siku ya tatu kingo za miche ya spinachi zilikuwa kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa: amonia na chumvi zilikuwa zimeshafanya kazi. Samadi iliyoiva haina joto ukiishika na haichomi pua. Kama ina joto, irudi shimoni.

Imani nyingine ipo ya muda mrefu, kwamba maji ya mchana huunguza majani kwa sababu kila tone ni kioo cha kukusanya jua. Watafiti wa Hungary walilipima jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2010: kwenye majani laini yasiyo na vinyweleo, matone hayakuunguza. Sababu ya kumwagilia asubuhi ni kwamba mchana maji mengi hupotea hewani. Mboga iliyolegea saa saba inaweza kunyweshwa bila hofu.

Na mwarobaini? Unafanya kazi, ila si kwa namna inayotarajiwa. Nguvu yake iko zaidi kwenye mbegu kuliko kwenye majani, huwaondolea wadudu hamu ya kula na kuvuruga ukuaji wao badala ya kuwaua papo hapo, na jua huivunja upesi. Anayepuliza saa tano asubuhi na kurudi saa kumi kuhesabu maiti atasema ni uongo. Ipulizwe jioni, na irudiwe baada ya siku chache.

Viungo havihitaji maneno mengi. Mchaichai, mrehani na kivumbasi vitakua hata kwa mvivu. Nanaa ikae karibu na bomba, kivulini. Giligilani ndiyo yenye kudeka: ikipata joto hukimbilia kutoa maua, hivyo ipandwe chini ya kivuli cha makuti na ivunwe ikiwa changa. Kila punje yake ina mbegu mbili ndani. Ikandamizwe kidogo kwa chupa ili ipasuke kabla ya kusiwa.

Kuhusu stroberi, mwandishi amechoka kuwavunja watu moyo. Lushoto, Njombe, Limuru, sawa. Pwani, mmea hutoa vikonyo vya kutambaa, tunda ni nadra, na likija huoza masika. Anayetaka tunda dogo la kuchumwa na watoto apande mforosadi. Kipande cha tawi chenye unene wa penseli hushika mizizi kirahisi. Mti ukizeeka ukagoma kuzaa, pogoa matawi, pukutisha majani yaliyobaki, na machipukizi mapya hutoka yakiwa tayari na vitunda vyake. Shati jeupe lisipite chini yake.

Wanaosema wana chumba tu na kibaraza huulizia bustani za magunia, zile zilizopata umaarufu Kibera: gunia la udongo, nguzo ya kokoto katikati ya kusambaza maji, sukuma wiki imechomekwa ubavuni. Ni ubunifu mzuri. Ila Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Gunia lile lile likiwekwa juani Mbagala hupata joto pande zote, na mizizi hupikwa. Liwekwe upande wa mashariki wa nyumba, lipate jua la asubuhi tu, na lipandwe matembele.

Mama wa Tabata aliambiwa pia kwamba, ikiwa lazima nyanya, kuna mlango mmoja mwembamba. Asie kitaluni mwishoni mwa Aprili chini ya paa la kuzuia mvua za masika, apandikize mwishoni mwa Mei, ili maua yafunguke Julai, wakati usiku wa Dar unashuka hadi nyuzi 19 au 20. Alisikiliza, akaandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani.

Alipotembelewa tena mwezi Agosti matofali yalikuwa yamehamishiwa kwenye boma la mboji, na masesa manne yalikuwa na mchicha wa rika nne tofauti. Pembeni, miche mitatu ya nyanya, si kumi na minne, ikiwa na matunda ya kuhesabika. Kumi na tisa, alisema. Alikuwa amezihesabu asubuhi. Nyingine bado ananunua sokoni Ilala, zile za Ilula.